Tupeane uzoefu: mji mdogo wa Kanda ya Ziwa uliokupokea ukiwa safarini

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, naomba tuelezane habari za miji midogo ya huku kwetu ambayo tulisimama bila kupanga na hadi leo hatujaisahau. Naanza mimi. Tulitoka Dodoma alfajiri kwenda Tarime, mimi, mke wangu na mama yangu mzazi, nami nilikuwa nimeazimia tufike usiku huohuo. Mwanza tuliipita jua likizama, na tulipokaribia Lamadi miguu ya mama ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii tena. Lamadi ni pale barabara ya Bariadi inapochepuka kutoka ile ya Musoma, na wageni wengi huijua kwa ajili ya lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, lililo mbele kidogo. Mama lishe mmoja alipomwona mama hakuuliza tutakula nini; alileta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti, akamkanda miguu huku akimwita "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, ndipo akarudi jikoni kutukaangia sato. Tulilala hapohapo. Asubuhi mama, ambaye hakuwahi kuliona ziwa, alikaa ufukweni akitazama mitumbwi ya dagaa ikirudi na karabai zake, nasi tukaondoka saa nne.

Mchangiaji wa Sengerema: Wangu ni Busisi. Mwaka 2018 nilikuwa nampeleka mwanangu hospitali Mwanza, homa imempanda, na tulipofika kivukoni kivuko kilikuwa upande wa Kigongo. Kina mama waliokuwa wakiuza mahindi na samaki kwenye foleni walinipokea mtoto, mmoja akamfunika kitenge chake, mwingine akamnywesha uji kidogo kidogo mpaka kivuko kilipotia nanga. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilometa zipatazo tatu, safari ile imekuwa ya dakika chache, na ninashukuru kwa moyo wote kwa sababu wagonjwa wetu hawasubiri tena. Hata hivyo foleni ile ndiyo iliyokuwa soko la kina mama wale, kwa hiyo kila nipitapo huchepuka kuwatafuta na kununua nilichokikuta.

Mchangiaji wa Magu: Mwangaluka! Sina kisa kirefu, maana mimi ndiye mwenyeji. Mkipita Magu shukeni mnunue michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, yanahimili safari ya siku nyingi bila kuharibika. Mwanzisha mada, mama yako hajambo?

Mwanzisha mada: Hajambo, ndugu yangu, ahsante kwa kuuliza. Mwezi ujao tunakwenda tena Tarime, naye amekwisha kununua doti ya khanga ya kumpelekea yule dada wa Lamadi, na amenitaka niahidi kwamba safari hii pia tutalala Lamadi.