Mliotuchangisha 5,000 ya "mazingira" kwenda maji moto Mara, ile hela iko wapi?

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo tangu Jumapili usiku. Nilisema niliache lipite, lakini jana nimeona mmetangaza safari nyingine mwisho wa mwezi, bei ileile, na maneno yaleyale ya "twende tukatunze mazingira yetu". Hapo ndipo uvumilivu umeniishia.

Kikundi sikitaji, wenyewe wamo humu na wanajijua. Chemchemi nayo siitaji, mniwie radhi. Nikiitaja tu, Jumamosi ijayo kosta sita zitakuwa zimepaki pale. Ni mkoa wa Mara, ukishaipita Bunda. Inatosha.

Kila kichwa kililipa 70,000: nauli, chakula, kiingilio cha kijiji, na humo ndani 5,000 ya "mchango wa mazingira". Tulikuwa watu 28, kwa hiyo ni 140,000. Tulipokuwa tunapita Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, nikamuuliza kiongozi wa safari mifuko ya taka iko wapi. Akanijibu, "Kaka, usianze." Saa kumi na mbili asubuhi, wenzangu! Sijaanza chochote, nimeuliza mfuko.

Tumefika, spika ikashushwa kabla ya vyakula. Sawa, muziki sina ugomvi nao sana. Ugomvi wangu ni kwamba watu waliona lile ni bwawa la hoteli. Lile ni tundu la ardhi. Mvua inazama chini sana, inakutana na miamba yenye joto, halafu maji yanapanda tena kupitia nyufa. Ukiziba nyufa umemaliza kazi. Kule Yellowstone, Marekani, kuna dimbwi linaitwa Morning Glory, lilikuwa la buluu tupu. Watalii wakawa wanatupia sarafu, mawe na takataka miaka na miaka, njia ya maji ikaziba, joto likashuka, na rangi ikageuka njano na kijani. Na wale wana askari wa hifadhi. Sisi pale tulikuwa na mzee mmoja na fimbo yake.

Basi wakaanza. Mmoja anatupia mawe "kupima kina". Mwingine anachemsha mayai, ambalo si kosa, ila maganda yote yakarudi kwenye jicho la chemchemi. Dada mmoja akakwangua ule utelezi wa kijani na rangi ya chungwa pembeni akajipaka usoni, eti skrabu ya asili. Dada yangu, ule si uchafu wala si skrabu, ni viumbe hai vinavyoishi kwenye maji ambayo wewe yanakubabua. Kimoja cha aina hiyo kiligunduliwa hukohuko Yellowstone miaka ya 1960, na kimeng'enya chake ndicho kikaja kutumika kwenye vipimo vya PCR, vile vilevile tulivyopangiana foleni wakati wa Uviko. Wewe umekipiga na kijiko cha pilau.

Kilichonikata maini ni sabuni. Watu wazima, watano au sita, wamejipaka shampuu kichwa kizima, povu linateremka kwenye mkondo. Mita chache chini, maji yakishapoa, ng'ombe wanakunywa na akina mama wanafua. Walikuwa wamesimama na ndoo zao wanatungoja sisi tumalize! Mzee akasogea taratibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akawaambia wale vijana:

"Wajukuu zangu, ogeni, lakini sabuni hapana. Hapa ni kwa wazee wetu, na maji haya yanakwenda kwa watu."

Kijana mmoja, chupa mkononi, akamjibu, "Mzee tulia, sisi tumelipia."

"Umemlipa nani?"

Kimya. Na mimi ningependa kujua, maana hicho kiingilio cha kijiji risiti yake sijaiona mpaka leo.

Huyohuyo wa "tumelipia" alijizamisha mpaka shingoni na bia yake ya nne, alipoinuka akayumba na kuanguka kama gunia. Joto linatanua mishipa, presha inashuka, na pombe nayo inashusha. Aliyemshika asipasue kichwa kwenye jiwe ni yule mzee. Na kuna waliokuwa wanapiga mbizi. Kwenye maji vuguvugu ya asili usiingize maji puani, kuna amiba anayepitia huko kwenda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini akikupata, kupona ni bahati. Hili alipaswa kulisema aliyechukua hela zetu, siyo mimi abiria.

Wakati wa kuondoka nikaomba kiroba kwa mama mmoja wa pale, nikazoa. Chupa, sahani za plastiki, pampasi tatu (tatu!), maganda, nyembe. Wengine waliokuwa wanapiga picha na machweo waliniangalia kama nimechanganyikiwa. Wawili wakaja kunisaidia, na nawashukuru kutoka moyoni. Kiroba kikajaa, nikakipandisha garini nyuma kabisa, wakaanza kulalamika kinanuka. Kinanuka nini? Ni vitu vyenu!

Nikasinzia baada ya Lamadi. Nikaja kushtuka gari imesimama, giza, mlango uko wazi, konda anarudi ndani anajipangusa mikono. Tupo kwenye daraja la mto Simiyu, pale Magu. Nageuka nyuma, kiroba hakipo. "Tumekipunguza, kaka, watu wanalalamika," anasema kiongozi. Mchango wa mazingira huo.

Kwa wasiojua, mto Simiyu unamwaga ziwani, Victoria hiihii. Maji ya bomba yanayoingia nyumbani kwangu yanavutwa ziwani. Yaani nimetoa 70,000, nimeamka saa tisa usiku, nimeokota pampasi za watoto wa watu, ili mtu anirudishie kwenye ndoo yangu ya kunywa.

Na msinijie na "hata serikali haijali". Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sote tunajua hali ilivyo ukitembea ufukweni. Hiyo ina uzi wake. Hapa namuuliza mtu mmoja tu.

Kiongozi, umeingia leo asubuhi, nimekuona. 140,000 ilinunua nini? Usinifuate PM, jibu hapahapa. Na lile tangazo la mwisho wa mwezi, ama uweke mifuko ya taka na mahali itakapomwagwa, ama ufute huo mstari wa 5,000.