Mama anauliza: mtu akifa, anajua kwamba amekufa?

Mwana wa Pangani

Wakuu, salaam. Naomba msaada, na ninaomba majibu ya watu wazima.

Namuuguza mama yangu hapa Pangani. Ni saratani ya titi, imeshaingia kwenye mifupa. Dripu za dawa zilisimamishwa kabla ya Ramadhani, tukarudi nyumbani na mofini ya maji, ile ya chupa, anakunywa kila baada ya saa nne. Maumivu yametulia, alhamdulillahi. Akili yake ni nzima kabisa. Nikirudi sokoni ananiuliza nimenunua samaki changu kwa bei gani, na nikiwa nimepigwa bei ananiambia.

Kazi ni usiku. Akishakunywa dozi ya saa nne usiku hapitiwi na usingizi mara moja, basi ananiita tuzungumze. Juzi kaniuliza, "Hivi mwanangu, mtu akifa, anajua kwamba amekufa?" Nikamwambia mama, hayo tumwachie Mungu. Akanijibu, "Mungu nimeshamwachia. Nakuuliza wewe uliyesoma."

Nimesomea ualimu, nafundisha hesabu. Swali la mama halimo katika nilichosoma.

Nifafanue, nisije nikaletewa mahubiri. Mama haulizi habari za pepo wala moto. Ameswali maisha yake yote na hilo halimsumbui. Anachotaka kujua ni zile saa za mwanzo: roho imetoka, mwili bado uko kitandani, watu wanalia, maji yanapashwa moto. Yeye yuko wapi? Anasikia? Anajua ni nani anayemshika? Nataka kuwasikia wanaokaa karibu na mauti: manesi, waosha maiti, wachimba makaburi, mashehe, mapadri. Hata asiyeamini chochote aseme, mradi aseme kwa heshima, maana majibu yote nitamsomea mwenyewe.

Nesi wa zamu ya usiku

Pole sana kaka, na mfikishie mama pole zangu.

Moyo ukisimama, damu haiendi kwenye ubongo, na mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10 hadi 20. Ubongo wenyewe haufi papo hapo, unachukua dakika. Wapo waliozinduliwa katika nafasi hiyo, na watafiti wamewauliza waliona nini. Daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, alichapisha mwaka 2001 habari za wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama. 62 walikuwa na la kusimulia: mwanga, utulivu, ndugu waliotangulia. Na hapa msomee mama taratibu: nusu ya hao 62 walisema walijua kwamba wamekufa. Wale 282 waliobaki hawakukumbuka kitu.

Lakini hao wote walirudi. Aliyekwenda moja kwa moja hakuna aliyemhoji, kwa hiyo sitamdanganya mama kwamba sayansi imemaliza shauri.

Kuhusu kusikia, nina uhakika zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa na hawaitiki tena, wakakuta baadhi yao ubongo bado unapokea sauti karibu sawasawa na wa mtu mzima wa afya. Wodini kwetu hatumsengenyi mgonjwa aliyelala hivyo, wala hatugombanii bili pembeni yake. Siku mama atakapoacha kujibu, wewe usiache kuzungumza naye.

Bibi wa Tanga

Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi nasema, mjukuu wangu ndiye anayebonyeza.

Naosha maiti za wanawake, kazi niliyorithishwa na shangazi yangu. Mwambie mama yako kwamba sisi tunamwosha mtu kama anayejua. Maji ni ya vuguvugu, nayajaribu kwanza kwenye kiwiko changu kama ya mtoto mchanga. Mwili haufunuliwi. Kanga inakaa juu, mkono wangu nimeuzungushia kitambaa, unapita chini ya kanga. Tumbo linakamuliwa kwa upole, halifinywi. Anatiwa udhu, kisha upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Mara tatu, na ikihitajika tano au saba. Maji ya mwanzo yana majani ya mkunazi, ya mwisho yana karafuu maiti. Na kila ninapomgeuza namwambia, "Bi Fulani, sasa nakulaza ubavu." Hakuna kitabu kilichonifundisha kusema hivyo. Shangazi alisema, nami nasema. Mtume ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja yungali hai, basi mimi nitamgeuzaje kimya kama gunia?

Unauliza nimeona nini. Sitasema uongo kwa mgonjwa. Sijaona maiti akinijibu, wala sijaona ya ajabu wanayoyasimulia watu. Ila niliwahi kuwa chumbani namwosha mtu, nje mlangoni watoto wake wanazozana habari ya nyumba. Nilitoka na mikono yangu imelowa nikawaambia, mwenyewe bado yumo humu, nyamazeni. Wakanyamaza wote, mpaka yule mkubwa mwenye maneno. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimejuaje.

Kwa dini yetu jibu lipo. Tumefundishwa kwamba maiti akishafukiwa husikia nyayo za waliomzika wanapoondoka. Ndiyo maana kwetu pwani shehe hubaki pale kichwani pa kaburi akamsomea talakini. Anamwita kwa jina lake na jina la mama yake, anamkumbusha atakaloulizwa na la kujibu. Wapo Waislamu wasioikubali talakini, nami sibishani nao. Nakwambia tulivyolelewa: mtu anazungumzwa naye mpaka mwisho.

Mwanangu, wewe mwenyewe umeandika kwamba mama anataka kujua kama atamjua anayemshika. Basi muulize anataka ashikwe na nani. Watu wengi hawaulizwi. Wanafika kwangu wakiwa kimya, ndugu wanaangaliana nani aingie.

Mkibosho

Poleni. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Baba yetu tulimzika kihambani, yaani kwenye migomba ya nyumbani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, tukapanda masale. Mama akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, humwaga kidogo pale kabla hatujanywa, na padri anajua. Marehemu Profesa John Mbiti, Mkenya aliyekuwa pia kasisi wa Kianglikana, aliandika kwamba Mwafrika humhesabu marehemu kuwa angali mmoja wa nyumba maadamu wapo waliomjua na kumtaja kwa jina. Sijui kama baba anajua amekufa. Najua tunapopanga mahari ya dada au kuuza ng'ombe, bado tunasema "mzee angesemaje", na jibu linapatikana, na tunalifuata.

Asiyeamini

Nasema kwa heshima, mama. Mimi siamini kwamba kuna kitu, na sijakosa usingizi kwa ajili hiyo. Epicurus, Mgiriki wa miaka kama 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba sisi tukiwapo kifo hakipo, na kikiwapo sisi hatupo, kwa hiyo hatukutani nacho. Niliyaelewa maneno hayo nilipopigwa nusukaputi nikatolewa kidoletumbo. Nilihesabu kidogo, halafu nikaamka. Katikati hapakuwa na giza, maana giza mtu huliona. Hapakuwa na kungoja wala upweke. Naamini kufa ni hivyo, na mama hatapata hata nafasi ya kuogopa.

Mwana wa Pangani

Nawashukuru wote. Nilimsomea jana usiku, moja baada ya jingine.

Ya nesi aliyapenda, lakini alitaka kujua nusu nyingine ya wale 62 walifikiri wako wapi. Ya ndugu asiyeamini aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo alipewa dawa na watu waliokuwa wanamngoja aamke." Akaniagiza nimwambie asante kwa kusema ukweli wake. Ya kihamba yalimkumbusha marehemu babu, tukamzungumza babu karibu saa nzima.

Shikamoo Bibi. Nilimuuliza kama ulivyoagiza, wala hakufikiri mara mbili. Anataka binti wa mjomba, aliyelelewa hapa nyumbani. Binti ana miaka 19 na hajawahi kushika maiti. Nimempigia simu, amelia, kisha amekubali. Je, inaruhusiwa? Na mama ana jambo jingine linalomkera. Anajua mwanamke akioshwa husukwa nywele mafungu matatu. Zake ziliisha kwa dawa, sasa ndiyo zinaota, fupi kama za mtoto. Anauliza mtafanyaje.

Bibi wa Tanga

Marahaba mwanangu. Nywele zisimtie simanzi, za kusukwa ni zilizopo. Hizo zitachanwa kwa upole, basi.

Binti anaruhusiwa, ni mwanamke na ni damu yake, ila asilazimishwe. Mimi au mwingine anayeijua kazi tutakuwa naye, yeye amimine maji na kushika pale tutakapomwelekeza. Siku hiyo ale kwanza, wageni wengi huanguka kwa njaa na harufu ya karafuu maiti. Lakini asingoje siku hiyo. Ahamie hapo kuanzia wiki hii, amwogeshe mama angali hai, ajue ni ubavu upi unaouma na mgongo unashikwa vipi. Mifupa ya ugonjwa huo haitaki kuvutwa. Na mama mwenyewe amfundishe, hiyo nguvu anayo bado.