Mdogo wangu ana PCB: Mzee anataka daktari, yeye anautaka mlima

Mdau wa Kiborloni
Wakuu, salaam. Mdogo wangu kamaliza Kidato cha Sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), sasa hivi yuko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mzee ameshatoa kauli: udaktari, tena KCMC, hospitali yenye chuo cha udaktari, ipo hapa hapa Moshi, atalala nyumbani. Mwenyewe anataka kuongoza watalii, mlimani Kilimanjaro na mbugani. Baba mkubwa kasema suala lisubiri Krismasi ukoo ukikutana kihambani, shamba la ukoo. Naomba wanaojua njia zenyewe waseme. "Afuate moyo wake" tumeshaisikia.

Mama Njiro
Mdogo wangu, Krismasi mtakuwa mnajadili maiti. Matokeo ya Kidato cha Sita kwa kawaida hutoka Julai, na dirisha la udahili wa shahada hufunguliwa mwezi huo huo. Ikifika Desemba wenzake wako darasani. Kikao kifanyike sasa, hata kwa simu.

Halafu kuna jambo moja dogo linaloharibu nyumba nyingi. Kijana yuko kambini, simu hana, hivyo mtu wa nyumbani ndiye anamjazia maombi. Siku hizi unaomba chuo kimoja kimoja kwenye mfumo wake, unapanga kozi kwa vipaumbele. Akichaguliwa zaidi ya sehemu moja, namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwenye simu iliyoandikwa kwenye fomu. Mwenye laini ndiye mwenye uamuzi! Andikeni namba ya kijana mwenyewe, laini iwe hewani kwa mtu anayemwamini, na mpangilio wa kozi autamke yeye kabla hamjabonyeza kutuma.

Na msichukulie kwamba ni daktari au mlima basi. Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichoanza 1963, kiko hapo juu yenu tu na kina astashahada, stashahada na shahada. Baiolojia ya PCB inabeba uzito huko. Fungueni kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), msome sifa za kila kozi mstari kwa mstari, kwa sababu mtu anaweza kuwa na pointi za kutosha akakosa kwa somo moja. Mzee akisikia neno "shahada" sauti huwa inashuka.

Geti la Machame
Mkuu, nizungumzie mlima, maana huko watu wanadanganyana sana.

Hakuna anayeanza kama mwongozaji. Wengi wanaanza kama wagumu, yaani wapagazi: mzigo wa kilo 20, unapimwa kwenye mizani getini, halafu begi lako mwenyewe juu yake. Njia ya Machame, siku ya kwanza peke yake unatoka kama mita 1,800 hadi karibu mita 3,000, msituni, mara nyingi mvua inanyesha na njia ni tope la kuteleza. Ndipo unakuwa mwongozaji msaidizi, baadaye mwongozaji mwenye leseni. Baada ya JKT apande safari mbili hivi kama mgumu kabla ya kumwambia Mzee lolote. Akishuka bado anaitaka, maneno yake yatakuwa na uzito mwingine mezani.

Mzee anaogopa kipato, na ana haki. Basi hesabuni siku, msihesabu safari. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Aprili na Mei mvua, kazi inakauka. Tufanye amepata miezi sita ya kazi, safari mbili kwa mwezi, kila moja siku saba: hizo ni siku 84. Zidisha kwa malipo ya siku, gawanya kwa miezi 12. Bahshishi iwekeni pembeni, maana mgeni akiugua kichwa na tumbo kule kambi ya Barafu, juu mlimani, akashushwa, bahshishi inashuka naye. Anayeishi kwa kutegemea bahshishi Mei anakopa.

Kinachopandisha malipo ni lugha na huduma ya kwanza ya porini. Kiingereza kila mtu anacho. Kifaransa kinafundishwa Alliance Française pale Arusha. Akifika ngazi ya B1, yaani ya kati, anaweza kumsimulia mgeni mlima bila kubabaika.

Fundi Ndala
Mnamtetea mtoto mno. Kasoma PCB, shahada ya udaktari ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akimaliza bado kijana. Mlima hauhami.

Geti la Machame
Mlima hauhami, magoti yanahama, mkuu.

Mdau wa Kiborloni
Asanteni. Je, akianza udaktari kwa kumridhisha Mzee, akishindwa ahamie Mweka?

Mama Njiro
Hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote. Akiacha masomo katikati, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) aliokwisha kutumia unabaki deni lake, na akitaka kuomba tena ataambiwa arejeshe kwanza sehemu ya ule wa mwanzo. Anayeshindwa udaktari mara nyingi anashindwa mwaka wa kwanza au wa pili, kwenye anatomia na fiziolojia, kwa hiyo anatoka na deni bila cheti hata kimoja. Kama ni kuchagua Mweka, achague mwanzo.

Na fomu ya mkopo ina sehemu ya mdhamini kusaini. Si lazima awe Mzee, mama au mjomba anaweza. Lakini Mzee akigundua saini imepita kwa mjomba bila yeye kujua, ugomvi hautakuwa wa kozi tena. Mpelekeeni mjomba karatasi ya hesabu ile ya siku 84 kwanza, yeye ndiye aende nayo kwa Mzee Jumapili baada ya ibada. Kijana mwenyewe akiwa JKT wakati huo ni afadhali.