MJADALA: Ngano za Iran na China zilisafiri, au kila mmoja alijitungia?

Wakuu, mwaka 1936 mwanazuoni Mparsi wa India (jamii yenye asili ya Iran), J. C. Coyajee, alichapisha kitabu akidai ngano za Iran ya kale na za China ni ndugu. Mfano wake mmoja: Rustam, shujaa wa Shahnameh (utenzi mkuu wa Waajemi), aliyemuua mwanawe Sohrab vitani bila kumjua, na Nezha wa China, aliyepigana na baba yake Li Jing.

Mfano huo siukubali. Rustam anakuja kukiona kito alichomwachia Tahmineh, mama wa Sohrab, kimefungwa mkononi mwa kijana, na tayari ameshamchoma. Nezha hana kisa cha kutojua. Anajikatakata mwili kuwarudishia wazazi nyama na mifupa yao, mwalimu wake anamuumbia mwili mpya kwa mayungiyungi, ndipo anamsaka baba. Hili ni deni la damu, tena Nezha mwenyewe alifika China na Ubudha kutoka India. Baba na mwana kupigana? Waajemi hawana hatimiliki. Waayalandi wanaye Cú Chulainn aliyemuua mwanawe, nasi Liyongo aliuawa na mwanawe.

MCHANGIAJI: Mkuu, umechagua mfano dhaifu ili uupige. Mbona Zal, baba yake Rustam, umemruka? Kazaliwa na mvi, baba kamtupa mlimani, ndege Simurgh kamlea. Hou Ji wa China naye katupwa juu ya barafu, ndege wakamfunika kwa mbawa. Hiyo nayo bahati tu?

MLETA MADA: Shairi la Hou Ji limo katika Shijing, diwani ya kale ya mashairi ya China, limeitangulia Shahnameh ya mwaka 1010 kwa zaidi ya miaka elfu. Sasa nani kamwiga nani? Na mtoto aliyetupwa hata Warumi wanaye.

Ushahidi ninaoukubali ni wa Dunhuang, magharibi mwa China. Huko kilipatikana kipande cha kisa cha Rustam kwa lugha ya Wasogdia, wafanyabiashara wa njia ya hariri. Rustam kalala, mashetani wanakuja wamepanda nguruwe, mbweha na mijusi, wengine kichwa chini miguu juu, na farasi wake Rakhsh anamwamsha. Kwa hiyo kisa kilifika China, hilo halina ubishi. Lakini kiliandikwa kwa lugha ya wageni. Mwenye ngano ya Kichina yenye farasi huyo au mashetani hao ailete hapa, nibadili msimamo.