Bomu la 20 Julai 1944 lingemuua Hitler: heri, au shari iliyoahirishwa?

Mleta mada

Wakuu, kuna ubishi nimeanza na rafiki yangu mwalimu wa historia. Chai imeisha, ubishi haujaisha, nikaona niulete hapa. Yeye anashikilia kwamba dunia ilipata bahati Hitler aliponusurika lile bomu la majenerali wake. Nilidhani anatania. Hatanii hata kidogo.

Kwa waliosahau kisa: Kanali Claus von Stauffenberg, aliyebaki na jicho moja na vidole vitatu tu baada ya kujeruhiwa Tunisia mwaka 1943, aliingia kikaoni kwa Hitler kule Wolfsschanze, makao yake makuu ya vita Prussia Mashariki, akiwa na bomu ndani ya mkoba. Alikusudia kutega mawili, lakini akakatizwa akiwa bado anatega, akaambulia moja. Kikao chenyewe kilifanyika kwenye banda lenye madirisha wazi kwa sababu ya joto, si kwenye handaki la zege, kwa hiyo nguvu ya mlipuko ilipata pa kutokea. Halafu mkoba ukasogezwa nyuma ya mguu mnene wa meza. Ulilipuka saa sita na dakika 42 mchana. Watu wanne walikufa kwa majeraha yao. Hitler alitoka na suruali iliyochanika na masikio yaliyopasuka ngoma.

Kule Berlin wenzake Stauffenberg walikuwa na mpango ulioitwa Valkyrie. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: mpango huo haukuwa wao. Ulikuwa mpango wa serikali yenyewe, wa kuliita Jeshi la Akiba kuzima ghasia, hasa kama mamilioni ya vibarua wa kigeni waliokuwa wakitumikishwa Ujerumani wangeasi. Waliokula njama waliugeuza ili jeshi hilohilo liwakamate wakubwa wa SS (kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi) na wa chama chenyewe. Ni kama kumfungia mwizi ndani kwa kufuli lake mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu. Wanajeshi wa Kijerumani waliokufa vita nzima, karibu nusu yao walikufa baada ya siku ile. Maasi ya Warszawa yalianza 1 Agosti, wakafa watu wapatao 200,000, wengi wao raia. Geto la Łódź, mtaa walikofungiwa Mayahudi, lilimalizwa Agosti hiyohiyo, zaidi ya watu 60,000 wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyekuwa akiandika shajara mafichoni Amsterdam, aliandika kwa furaha kuhusu jaribio lile kesho yake, 21 Julai. Alikamatwa 4 Agosti. Siku 15 tu baada ya bomu. Mtu akiniambia "afadhali lilishindwa", namuuliza: afadhali kwa nani?

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu, umeandika vizuri, lakini umehesabu upande mmoja wa daftari.

Turudi Novemba 1918. Ujerumani iliomba kusitisha vita wakati jeshi lake bado limekanyaga ardhi ya watu. Mjerumani wa kawaida hakuona adui akipita mtaani kwake. Kwa hiyo alipoambiwa baadaye kwamba jeshi halikushindwa, lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa na Mayahudi, aliamini. Matthias Erzberger, raia aliyetia saini, aliuawa 1921. Kwenye uongo ule ndipo Hitler alipojenga nyumba yake.

Sasa chukua Julai 1944. Hitler anauawa na maafisa wake mwenyewe, wengi wao watoto wa makabaila, majeshi ya adui yakiwa bado hayajakanyaga Ujerumani kwenyewe. Hadithi ya kisu cha mgongoni safari hii isingehitaji hata kutungwa, kwani bomu lingekuwepo kweli, na mkoba, na jina la aliyeubeba. Kila Mnazi angesema "tulikuwa tunakaribia kushinda, wakatusaliti".

Tena si kubahatisha. Meja Otto Ernst Remer, ambaye kikosi chake ndicho kilichogeuka na kuzima mapinduzi Berlin baada ya Goebbels, waziri wa propaganda, kumpa simu asikie sauti ya Hitler kwa masikio yake, baada ya vita aliingia siasa na kuwaita wale maafisa wasaliti. Chama chake kilipata asilimia 11 ya kura Lower Saxony mwaka 1951, miji ikiwa bado magofu! Alihukumiwa 1952 kule Braunschweig kwa kuwakashifu marehemu. Kama walithubutu hivyo wakiwa wamekalia kifusi, je, wangekuwa wamekalia nyumba nzima?

Mleta mada

Hoja ya Remer ni nzito, nakubali. Lakini angalia nani angetia saini. Mwaka 1918 majenerali walijificha nyuma ya raia, wakamsukuma Erzberger mbele, kisha wao wenyewe wakaeneza uongo. Mwaka 1944 mkuu wa nchi angekuwa Jenerali Ludwig Beck, aliyewahi kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu, na mkuu wa majeshi angekuwa Erwin von Witzleben. Ni vigumu jeshi kusema limechomwa kisu mgongoni wakati kisu kimeshikwa na jeshi.

Na hata tukikubali kwamba uongo ungezaliwa, uongo hupingwa na walio hai. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mchangiaji wa Mwanza

Mimi nina shida na ninyi nyote wawili. Mnawazungumzia hawa maafisa kama mawalii.

Arthur Nebe alikuwa ndani ya njama. Huyo mwaka 1941 aliongoza Einsatzgruppe B kule Belarusi, kikosi kilichoua makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Mayahudi. Eduard Wagner, aliyesaidia kupatikana kwa ndege ya kumrudisha Stauffenberg Berlin, ndiye aliyekuwa mkuu wa mahitaji ya jeshi wakati mateka wa Kisovieti walipoachwa wafe njaa. Zaidi ya milioni 3 walikufa mikononi mwa Wajerumani. Carl-Heinrich von Stülpnagel, mkuu wa jeshi la Kijerumani kule Ufaransa anayesifiwa kwa aliyoyafanya Paris siku ya bomu, alikuwa na rekodi yake huko Ukraine. Hawa ndio mngewakabidhi Ujerumani mpya?

Wapo waliokuwa safi, sikatai. Julius Leber alikuwa msoshalisti aliyeonja kambi tangu miaka ya mwanzo. Lakini yeye alishakamatwa wiki mbili kabla ya bomu.

Na Carl Goerdeler, aliyetarajiwa kuwa kansela, alitaka Ujerumani ibaki na Austria na Sudetenland, eneo lililochukuliwa kutoka Chekoslovakia. Katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo ya vita alitaka hata makoloni yarudishwe au yafidiwe. Makoloni, wadau. Someni tena hilo neno mkiwa mmekaa hapo Mwanza, Tanga au Bagamoyo. Kansela wenu wa amani alikuwa bado anatuhesabu sisi kwenye mali iliyopotea.

Mchangiaji wa Mombasa

Hapo kwa Goerdeler umenimaliza, sikujua kama alifika huko. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Mleta mada

Mkuu wa Mwanza, hayo yote ni kweli na sitawatetea. Ila hoja yangu haikuwa kwamba ni watu wema. Nauliza tanuru la Auschwitz lingezimwa na nani mapema zaidi. Mtu mwenye mikono michafu akizima moto, moto umezimika.

Matakwa ya Goerdeler nayo yangebaki karatasi. Tangu mkutano wa Casablanca, Januari 1943, Roosevelt alishatangaza kwamba Ujerumani lazima ijisalimishe bila masharti. Jeshi la Sovieti lilikuwa limevunja kundi la kati la majeshi ya Kijerumani mwezi uliotangulia, Wamarekani na Waingereza walishatua Normandy. Angemdai nani makoloni?

Mchangiaji wa Nairobi

Jamani, mbona mnafikiria kama kwamba hili halijawahi kutokea? Lilitokea, tena zaidi ya mara moja, kwa marafiki wa Ujerumani. Tazameni hao kwanza ndipo mpige ramli.

Italia: Julai 1943 Mussolini aling'olewa na mfalme pamoja na baraza la chama chake mwenyewe Mussolini. Serikali mpya ya Badoglio ikasitasita siku 45 kabla ya kutangaza amani. Katika siku hizo Wajerumani wakaingiza majeshi, na Septemba wakawapokonya silaha Waitalia. Zaidi ya 600,000 walipelekwa kufungwa Ujerumani. Vita ikaendelea pale hadi 1945.

Romania: 23 Agosti 1944, mwezi mmoja tu baada ya bomu la Stauffenberg. Mfalme Mihai, kijana wa miaka 22, alimwita ikulu Antonescu, mtawala wa kijeshi wa nchi, akamtaka asitishe vita, alipokataa akakamatwa na kufungiwa kwenye chumba cha hazina ambamo baba yake mfalme alikuwa akihifadhi stempu zake. Ndiyo, stempu za barua. Usiku huohuo nchi ikabadili upande. Ilifaulu kwa sababu mfalme alikuwa na vitu viwili: jeshi lilimtii, na alimkamata mtu mwenyewe kabla ya kutangaza lolote.

Hungaria: Oktoba 1944, Horthy, mtawala wa nchi, alijaribu kujitoa vitani. Wajerumani walikuwa wamemteka mwanawe asubuhi ileile. Akasalimu amri.

Sasa mpime Stauffenberg. Alipanda ndege baada ya mlipuko akiamini Hitler amekufa. Berlin wenzake walisikia taarifa zinazopingana, wakakaa. Karibu saa tatu zikapotea kabla amri kutoka. Saa 12 na nusu jioni redio ikatangaza kwamba Hitler yuko hai. Redio ilikuwa bado mikononi mwa Goebbels! Mapinduzi gani hayo unamwachia waziri wa propaganda redio na simu? Hata Hitler angekufa, SS ilikuwa na majeshi yake, na mkuu wake Himmler alikuwa hai. Mimi naona vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nani angeshinda sijui. Paris peke yake ndiko kazi ilifanyika: Stülpnagel aliwakamata SS na polisi wao zaidi ya elfu moja usiku ule bila vurugu kubwa. Kisha mkubwa wake, von Kluge, alipojua Hitler ni mzima, akawaruka.

Mleta mada

Mchango huu umenifanya nipunguze sauti. Nakubali kwamba "Hitler angekufa" na "mapinduzi yangefaulu" ni mambo mawili, na mimi niliyachanganya. Lakini kiapo usikisahau. Tangu Agosti 1934 kila askari aliapa utii kwa Hitler binafsi, kwa jina lake, si kwa nchi. Jenerali Fromm, mkuu wa Jeshi la Akiba, alikuwa anangoja upepo. Alipojua Hitler yuko hai akawapiga risasi Stauffenberg na wenzake watatu uani usiku ule, ili wasimtaje. (Hakupona. Wanazi wenyewe walimuua Machi 1945.) Maiti moja ingebadili upepo kwa Fromm na kwa Kluge, na kwa Remer pia.

Mchangiaji wa Songea

Nawasoma tangu asubuhi. Babu yangu alikuwa KEYA, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Mnapozungumzia Julai 1944 kama mwisho wa vita, yeye wakati huo alikuwa anaingia Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw msimu wa mvua, Agosti na kuendelea, kwenye tope na malaria, ikiwafukuza Wajapani. Hitler angekufa, babu angebaki kwenye tope lilelile. Sisemi kwa kupinga, ila kila mara mtu akisema "vita ingeisha" huwa namkumbuka mzee, aliyekuwa akisema Bonde la Kabaw kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo lingine lolote.

Mchangiaji wa Dodoma

Shikamoo kwa babu yako kama bado yupo.

Nikirudi kwenye mada, mnagombania mwaka usio wenyewe. Nafasi ilikuwa Septemba 1938. Beck alishajiuzulu Agosti kupinga kuivamia Chekoslovakia. Witzleben alikuwa na askari Berlin kwenyewe, Hans Oster wa ujasusi alishapanga nani wa kukamatwa, Halder, mnadhimu mkuu aliyemrithi Beck, naye alikuwa amekubali. Walituma watu London kuomba jambo moja: Uingereza isimame imara, waipate sababu. Badala yake Chamberlain akapanda ndege kwenda kuongea na Hitler, na mwisho wa mwezi ukatiwa saini mkataba wa Munich, uliompa Sudetenland. Utampinduaje mtu aliyeleta ushindi bila risasi?

Mwaka 1938 hakuna kambi ya mauaji ya Treblinka wala vita vya Stalingrad. Ikibidi kuota, tuote huko.

Mchangiaji wa Mwanza

Halder huyohuyo aliyekuja kupanga uvamizi wa Urusi 1941. Walipokuwa wanashinda hawakumpindua mtu. Mimi narudi palepale.

Na mbona hakuna aliyemtaja seremala? Georg Elser, mfanyakazi wa kawaida kutoka Württemberg, hakuwa na jenerali wala chama nyuma yake. Alijificha usiku zaidi ya 30 kwenye ukumbi wa bia Munich, akipiga magoti, akichimba nguzo nyuma ya jukwaa na kubeba vifusi kwenye sanduku. Bomu lake lililipuka kwa wakati alioupanga, 8 Novemba 1939, likaua watu wanane. Hitler alikuwa ametoka dakika 13 kabla, kwa sababu ukungu ulizuia ndege ikabidi awahi treni.

Mleta mada

Nilimsahau kabisa, na ni aibu. Ila mkuu, angefaulu, mrithi angekuwa Göring, mkuu wa jeshi la anga. Hitler alishamtangaza 1 Septemba mwaka huohuo. Nikimweleza rafiki yangu mwalimu atauliza palepale: Göring wa 1939 au Beck wa 1944, unachagua nani? Nipeni hadi jioni.