Ufunguo wa USB wa programu ya kudarizi hausomi baada ya kompyuta kujisasisha, naombeni msaada

NakshiMwanga
Habari zenu wakuu. Nina ofisi ndogo ya kudarizi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Programu ninayochorea nembo haifunguki bila ufunguo wake, kile kidude cha USB mfano wa flashi, aina ya HASP. Juzi usiku kompyuta ilijisasisha ikawa Windows 11. Tangu asubuhi yake ufunguo hausomi, programu inaniletea H0007, yaani ufunguo haujaonekana. Kile kitaa chekundu kilichokuwa kinawaka nikichomeka tu, sasa hakiwaki kabisa.

Fundi mmoja anataka apige Windows upya. Mwingine anasema ataniwekea programu iliyokrakiwa isiyodai ufunguo. Nina sweta 180 za shule za kukabidhi Jumatatu, na programu hii niliinunua kwa mkopo wa kikundi. Naogopa kugusa kitu. Nifanyeje?

Mzee wa Kibirizi
Pole sana binti yangu. Usikubali kupigiwa Windows. Leseni yako imo ndani ya huo ufunguo, haimo kwenye diski, kwa hiyo hapo utapoteza michoro yako bure. Na hizo za kukrakiwa mara nyingi zinakuja na virusi.

Chomeka ufunguo moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishe kwenye kigawio cha USB. Badilisha matundu. Kisha ujaribu kwenye kompyuta nyingine iliyowahi kuutumia. Halafu fungua Device Manager, angalia kama kuna pembetatu ya njano.

NakshiMwanga
Shikamoo mzee, asante. Matundu yote ni yale yale. Ila kwenye laptop ya zamani ya kaka, tuliyoanzia nayo kazi, taa imewaka! Kwangu pembetatu ipo, na nikibonyeza ndani imeandika Code 39.

fundi_reli
Basi ufunguo ni mzima dada, tulia. Code 39 maana yake Windows imeshindwa kupakia draiva, yaani kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuutambua ufunguo. Ingia Windows Security, sehemu ya Core isolation. Kama Memory integrity imewashwa, draiva ya zamani isiyokidhi masharti yake inazuiwa. Wengi watakwambia uizime. Mimi sikushauri, maana ni ulinzi wa kompyuta yako. Dawa ni draiva mpya.

Na hapa ndipo watu wanapotea. HASP ilikuwa ya Aladdin, ikaenda SafeNet, 2015 ikawa ya Gemalto, na tangu 2019 ni ya Thales. Ukitafuta kwa majina ya zamani unaangukia tovuti za kubahatisha. Chukua kwa Thales wenyewe, inaitwa Sentinel Run-time, au muombe aliyekuuzia programu.

Kabla ya yote CHOMOA ufunguo na ufunge programu. Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia, "Run as administrator", nenda kwenye folda yenye haspdinst, ndilo faili la kusakinisha hiyo draiva. Andika haspdinst -purge kufuta mabaki ya zamani, washa kompyuta upya, kisha haspdinst -i. Ikimaliza ndipo uchomeke.

NakshiMwanga
Nimefuata yote kaka. Nilipochomeka, taa imepepesa mara moja ikatulia nyekundu, nikapiga kelele hadi jirani wa cherehani akaja. Lakini programu bado inakataa!

fundi_reli
Tumefika karibu. Fungua kivinjari, andika localhost:1947, hata bila bando inafunguka. Bonyeza Sentinel Keys, uone kama ufunguo umeorodheshwa.

NakshiMwanga
Ukurasa haufunguki kabisa.

fundi_reli
Huduma yake imelala. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Sentinel LDK License Manager. Bonyeza Start, na kwenye Startup type weka Automatic. Ikijizima tena, antivairasi ndiyo inaizuia, iruhusu humo.

NakshiMwanga
IMEFUNGUKA! Huduma ilikuwa imesimama kweli. Ufunguo umeonekana kwenye orodha na michoro yangu yote ipo. Hapa natazama sindano inamalizia bawa la ndege kwenye nembo ya sweta ya tatu. Mungu awabariki sana.

Mzee wa Kibirizi
Alhamdulillah. Hilo faili la draiva liweke kwenye flashi sasa hivi, kabla hujasahau.

NakshiMwanga
Nimeshaliweka mzee, liko kwenye droo ya nyuzi.