Naomba ushauri: Datsun 240Z iliyochezewa sana, ninunue au niachane nayo?

Wadau habari zenu. Kuna mzee huku Nakuru anauza Datsun 240Z ya 1972, anataka milioni mbili na bei haishuki. Anadai ilikimbia Safari, yale mashindano ya magari ya Safari Rally. Ni kweli 240Z ilishinda Safari 1971 na 1973, lakini siku hizi kila Datsun kuukuu eti ilikimbia Safari, na huyu hana hata karatasi moja.

Namba ya chesi inaanza na HS30, ambayo ni ya 240Z ya usukani wa kulia, na inalingana na logibuku, hapo sina shida. Shida ni mengine. Bloku imeandikwa L28 badala ya L24, yaani si injini yake ya asili, kabureta mbili za asili zimeng'olewa zikawekwa Weber tatu, na madigadi yamekatwa yakapanuliwa kwa fiba na ribiti. Anasema injini ya asili iko stoo, ila ufunguo wa stoo kila nikienda uko kwa kijana wake!

Nilipitisha sumaku ubavuni nyuma ya mlango, haikushika; ni puti tupu (ile ya kuziba mabonde), si bati. Chini ya betri kutu imekula mpaka kidole kinapita. Sakafu imechomelewa mabati juu ya mabati.

Injini hainitishi, inanguruma vizuri. Naogopa bodi. Je, madigadi yaliyokatwa yanarudishika, au bora niiache hivyo hivyo kama gari la rali? Bila injini ya asili mngetoa ngapi? Na kama mnajua fundi wa bodi anayechomelea vizuri bila kuficha kwa puti, nielekezeni.